Jinsi ya kuhamisha tovuti bila kupoteza barua pepe

TOVUTI mpya inapozinduliwa, macho ya kila mtu huwa kwenye picha, rangi na kasi ya kurasa. Ni nadra kwa mwenye biashara kuuliza swali moja muhimu: Je, barua pepe zinazotumwa kwa jina la kampuni yake sasa zinaelekea wapi?

Swali hilo aghalabu hujitokeza siku mbili au tatu baadaye, mhasibu anapong'amua kwamba hajapokea hata barua moja tangu Ijumaa. Kufikia wakati huo, huenda mgeni aliyetaka kukodisha vyumba Watamu amekwisha kupata hoteli nyingine, na zabuni iliyokuwa na makataa imefungwa.

Hasara ya aina hii huja kimyakimya. Tovuti ikizimika, wanaoitembelea huona na kupiga simu kuuliza. Barua pepe zikipotea, mpokeaji hana njia ya kujua kwamba kuna kitu alichopaswa kupokea, naye mtumaji hudhani amepuuzwa.

Hata hivyo, tatizo hili linaweza kuepukika bila gharama kubwa. Kinachohitajika ni kufahamu kwamba tovuti na barua pepe ni huduma mbili tofauti zinazotumia jina moja, na kwamba moja inaweza kuhama huku nyingine ikibaki pale pale.

Duka na sanduku la posta

Wakenya wana mfano wa jambo hili maishani mwao. Duka linaweza kuwa katikati ya jiji la Nairobi, nayo barua zake zikaingia katika sanduku la posta lililo mbali na duka hilo. Mwenye duka akihamia Westlands, wateja huelekezwa kwenye jengo jipya, lakini barua huendelea kufika katika sanduku lile lile maadamu hakuna aliyebadilisha nambari yake.

Mtandaoni mambo huwa vivyo hivyo. Jina la kikoa, mathalan jinalako.co.ke, si tovuti wala si barua pepe. Ni jina tu, na nyuma yake kuna orodha ya maelekezo inayosema ni tarakilishi gani inayotoa kurasa za tovuti na ni ipi inayopokea barua.

Orodha hiyo ni sehemu ya mfumo wa majina ya vikoa unaofahamika kwa kifupisho DNS, ambao ulibuniwa na Mmarekani Paul Mockapetris mwaka wa 1983. Kabla ya hapo, majina ya tarakilishi zote zilizounganishwa yaliwekwa katika faili moja iliyobidi kunakiliwa kila mahali.

Kila elekezo katika orodha huitwa rekodi. Rekodi ya A huunganisha jina na anwani ya seva, yaani tarakimu kama 192.0.2.10, na ndiyo inayofuatwa na kivinjari kinapotafuta tovuti. Rekodi ya MX nayo hutaja seva inayopokea barua pepe. Mwongozo wake ulichapishwa Januari 1986, kwa minajili ya kuwezesha barua kupelekwa mahali tofauti na pale jina lenyewe linapoelekea.

Hii ina maana kwamba kwa takriban miaka 40, mtandao umekuwa na uwezo wa kutenganisha huduma hizi mbili. Matatizo hutokea pale anayehamisha tovuti anaposahau kuzitenganisha.

Kuhamisha orodha au kuhamisha tovuti

Kampuni mpya ya kuhifadhi tovuti kwa kawaida humpa mteja njia mbili za kuelekeza jina lake. Njia hizo hufanana machoni pa asiyezoea, ilhali matokeo yake ni tofauti kabisa.

Ya kwanza ni kubadilisha seva za majina. Hizi ndizo seva zinazohifadhi orodha nzima ya rekodi. Mteja akizibadilisha, orodha ya zamani huachwa na orodha ya kampuni mpya ndiyo huanza kusomwa na ulimwengu mzima. Iwapo rekodi za barua pepe hazikunakiliwa katika orodha hiyo mpya, barua hupoteza njia.

Njia ya pili ni kuacha seva za majina zilivyo, kisha kubadilisha rekodi za tovuti pekee. Rekodi hizo kwa kawaida ni mbili: ile ya A ya jina lenyewe, na ile ya jina linaloanza na www. Rekodi ya MX haiguswi.

Kwa mwenye biashara ambaye barua pepe zake zinafanya kazi vyema, njia ya pili ndiyo salama zaidi. Huduma kama vile Shopify, Wix na Squarespace hutoa anwani ambazo mteja anaweza kuziweka katika orodha yake ya zamani bila kuihamisha yote.

Kuna tahadhari moja hapa. Baadhi ya huduma humtaka mteja atumie rekodi ya CNAME, ambayo hulifanya jina moja kuwa lakabu ya jina jingine. Rekodi hiyo yafaa kwa www, lakini haifai kwa jina lenyewe lisilo na kiambishi. Kanuni za DNS haziruhusu CNAME kukaa pamoja na rekodi nyingine katika jina moja, kwa hivyo ikiwekwa pale, rekodi ya MX inaweza kupuuzwa.

Mtego uliojificha

Kuna wale ambao hufuata njia ya pili, wasiiguse MX hata kidogo, na bado barua zao zikapotea. Hao hunaswa na mtego ambao chanzo chake ni jinsi kampuni nyingi za kuhifadhi tovuti zinavyopanga huduma zao.

Katika mipango ya bei nafuu, hasa ile inayosimamiwa kwa programu ya cPanel, tovuti na barua pepe hukaa katika seva moja. Kwa hivyo rekodi ya MX mara nyingi haitaji seva ya barua kwa jina lake maalumu. Hutaja tu jinalako.co.ke.

Maana yake ni kwamba mtumaji akiuliza barua zipelekwe wapi, huambiwa zipelekwe kwa jinalako.co.ke. Kisha huuliza jina hilo liko wapi, na hapo husoma rekodi ya A. Rekodi ya A ikibadilishwa ili tovuti ihame, barua nazo hufuata tovuti hadi kwa seva ambayo haina sanduku lolote la kuzipokea.

Tukirejelea mfano wa duka, ni kana kwamba mwenyewe alikuwa amewaambia watu: "Barua zangu leteni dukani." Akihama, barua humfuata, hata kama katika jengo jipya hakuna wa kuzipokea.

Hali huwa hivyo pia iwapo hakuna rekodi ya MX kabisa. Kanuni za utumaji barua zinasema kwamba MX ikikosekana, mtumaji ajaribu anwani iliyo kwenye rekodi ya A. Ndiyo maana kuna biashara ambazo zimepokea barua kwa miaka mingi bila MX, na zikaja kugundua kasoro hiyo siku ya kuhama.

Suluhu ni kuipa seva ya barua jina lake kabla ya kuhamisha chochote. Tuseme seva ya zamani ina anwani 192.0.2.10 na ile mpya ni 203.0.113.25. Anwani hizi zimetengwa kimataifa kwa ajili ya mifano, hivyo si za kampuni yoyote.

Kwanza, hutengenezwa rekodi ya A ya jina mail.jinalako.co.ke inayoelekea 192.0.2.10. Iwapo jina hilo lipo tayari kama CNAME ya jinalako.co.ke, CNAME hiyo huondolewa, kwa sababu nayo ingehama pamoja na tovuti. Vilevile, MX haifai kuelekezwa kwa jina ambalo ni CNAME, wala kwa tarakimu za anwani moja kwa moja.

Pili, MX hubadilishwa ili itaje mail.jinalako.co.ke badala ya jina tupu. Barua ya majaribio hutumwa kutoka nje ili kuthibitisha kwamba bado zinaingia.

Tatu, baada ya hayo kuthibitishwa, ndipo rekodi ya A ya jinalako.co.ke hubadilishwa kuwa 203.0.113.25, pamoja na ile ya www. Tovuti huhama na barua hubaki.

Maandalizi kabla ya siku ya kuhama

Kazi ya kubadilisha rekodi huchukua dakika chache. Kazi kubwa ni ya maandalizi, na yafaa ianze angaa siku mbili mapema.

Jambo la kwanza ni kupata nywila ya akaunti ambamo jina lilisajiliwa. Majina yanayoishia kwa .ke husimamiwa na KeNIC na huuzwa na wasajili walioidhinishwa. Si ajabu kwa mwenye kampuni kugundua kuwa jina lake lilisajiliwa na fundi aliyeunda tovuti ya kwanza, na kwamba ni fundi huyo pekee anayeweza kuifikia orodha ya rekodi. Suala hilo husuluhishwa kwanza, kabla ya lingine lolote.

La pili ni kujua barua pepe zinakaa wapi kwa sasa. Kwenye tarakilishi ya Windows, mtu anaweza kufungua dirisha la amri na kuandika nslookup -type=mx jinalako.co.ke. Jibu likitaja smtp.google.com au jina linaloishia kwa google.com, barua ziko kwa Google. Likiishia kwa mail.protection.outlook.com, ziko kwa Microsoft. Likitaja jina la kampuni yenyewe, kuna uwezekano mkubwa kwamba ziko katika seva ile ile ya tovuti.

Walio katika makundi mawili ya kwanza wana afueni. Barua zao tayari zimetenganishwa na tovuti, na kazi yao ni kuhakikisha rekodi hizo hazifutwi. Walio katika kundi la tatu ndio wanaopaswa kuutazama ule mtego kwa makini.

La tatu ni kunakili orodha nzima ya rekodi, neno kwa neno, na kuihifadhi. Kupiga picha ya ukurasa huo husaidia, lakini maandishi marefu ya rekodi za TXT mara nyingi hukatwa kwenye skrini, kwa hivyo ni vyema kuyanakili kamili. Nakala hiyo ndiyo itakayotumika kurudisha mambo yalivyokuwa endapo kitu kitaenda kombo.

La nne ni kupunguza muda wa kumbukumbu, unaofahamika kama TTL. Kila rekodi huandamana na idadi ya sekunde ambazo seva nyingine huruhusiwa kuikumbuka kabla ya kuuliza tena. TTL ikiwa 86400, badiliko linaweza kuchukua siku nzima kuonekana kila mahali. Ikipunguzwa hadi 300 siku moja au mbili kabla ya kuhama, huchukua takriban dakika tano, na kosa lolote hurekebishwa kwa kasi hiyo hiyo.

Anayelazimika kubadilisha seva za majina afahamu kuwa badiliko hilo huenda likachukua hadi saa 48 kuenea. Katika kipindi hicho, baadhi ya watumaji watasoma orodha ya zamani na wengine ile mpya. Kwa hivyo rekodi za barua zinafaa kuwa tayari katika orodha mpya kabla ya badiliko lenyewe, wala si baadaye.

Barua zinazotoka nje

Wengi hudhani kuwa barua zikiingia, kazi imekamilika. La hasha! Barua zinazotumwa nazo hutegemea rekodi zilizo katika orodha ile ile, na zikikosekana, majibu kwa wateja huishia katika kapu la taka la mpokeaji.

Rekodi hizo ni tatu. SPF hutaja seva zilizoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kampuni. DKIM hubeba ufunguo wa kuthibitisha sahihi ya kidijitali iliyowekwa kwenye barua. DMARC humwelekeza mpokeaji cha kufanya iwapo ithibati hizo zitakosekana.

Umuhimu wake umeongezeka tangu Februari 2024, wakati Google na Yahoo zilipoanza kuwataka wote wanaotuma barua kwa wateja wao wawe na SPF au DKIM. Wanaotuma barua zaidi ya 5,000 kwa siku kwa anwani za Gmail hutakiwa kuwa na zote tatu.

Rekodi ya SPF huwa na hila yake wakati wa kuhama. Nyingi huandikwa v=spf1 +a +mx, na sehemu ile ya "a" humaanisha seva yoyote inayotajwa na rekodi ya A. Tovuti ikihama, ruhusa hiyo nayo huhamia seva mpya. Ni salama zaidi kuitaja seva ya barua kwa anwani yake, kwa kuongeza ip4:192.0.2.10 katika mfano huu.

Iwapo tovuti mpya nayo itakuwa ikituma risiti au arifa kwa jina la kampuni, ruhusa yake huongezwa ndani ya rekodi hiyo hiyo. Kikoa kimoja hakiruhusiwi kuwa na rekodi mbili za SPF. Zikiwa mbili, ukaguzi hufeli.

Fomu ya mawasiliano

Kuna barua moja ambayo hupotea hata pale kila kitu kingine kimepangwa vizuri. Ni ile inayotumwa na fomu ya mawasiliano iliyo kwenye tovuti yenyewe.

Seva mpya ikiwa na programu kama cPanel, hudhani kwamba kwa kuwa inahifadhi tovuti ya jinalako.co.ke, basi barua za jina hilo ni zake pia. Mteja akijaza fomu, seva haisomi rekodi ya MX. Hutafuta sanduku ndani yake yenyewe, na lisipopatikana, ujumbe hukataliwa.

Tiba yake ni kuingia katika mipangilio ya uelekezaji wa barua kwenye seva mpya na kuonyesha kuwa barua za kikoa hicho hushughulikiwa na seva ya mbali. Katika seva ya zamani inayoendelea kupokea barua, mpangilio huo hubaki kuwa wa humo humo.

Aidha, wanaotumia huduma ya Cloudflare wanafaa kukumbuka kwamba rekodi ya mail haipaswi kupitishwa katika kinga yake ya kawaida. Kinga hiyo imekusudiwa kurasa za tovuti, na programu za barua pepe haziwezi kupita humo. Rekodi hiyo huwekwa iwe ya DNS pekee.

Simu za rununu na tarakilishi za wafanyakazi nazo zikaguliwe. Mfanyakazi ambaye programu yake ya barua ilielekezwa kwa jinalako.co.ke atapata ujumbe wa hitilafu tovuti itakapohama. Anatakiwa kubadilisha mpangilio huo uwe mail.jinalako.co.ke. Majina mengine kama webmail, imap na smtp, ikiwa yanatumika, nayo yaelekezwe kwa seva ya zamani.

Akaunti ya zamani isifungwe

Kosa ambalo huwa gumu zaidi kurekebisha ni kufunga akaunti ya kampuni ya zamani punde tu tovuti mpya inapoonekana. Mwenye biashara huona anaokoa pesa, kumbe anafuta masanduku yote ya barua pamoja na yale yaliyohifadhiwa humo kwa miaka.

Barua za wanaotumia mpangilio wa IMAP hukaa katika seva, na kinachoonekana kwenye simu ni nakala inayolingana nayo. Seva ikifutwa, haitoshi kutegemea kwamba simu itazihifadhi.

Anayenuia kuondoka kabisa kwa kampuni ya zamani anafaa kuchukulia hilo kuwa hama ya pili, na kuifanya baada ya ile ya tovuti kutulia. Masanduku yenye anwani zile zile hufunguliwa kwanza katika huduma mpya, barua za zamani zikanakiliwa, kisha MX ikabadilishwa. Akaunti ya zamani huachwa wazi kwa wiki kadhaa ili kunasa barua zilizochelewa njiani.

Iwapo barua zimekwisha kupotea

Kwa yule anayesoma haya akiwa tayari amekumbwa na janga hilo, bado kuna matumaini. Hatua ya kwanza ni kurudisha rekodi ya MX na ile ya mail kama zilivyokuwa. Kinachofuata hutegemea jinsi seva mpya ilivyozitendea barua.

Kama seva hiyo haikujibu kabisa, barua nyingi zingali hai. Kanuni huzitaka seva za watumaji ziendelee kujaribu, na muda unaopendekezwa kabla ya kukata tamaa ni angaa siku 4 hadi 5. Rekodi zikirekebishwa mapema, barua hizo huanza kuingia zenyewe.

Kama seva mpya ilizipokea na kuziweka katika sanduku ambalo hakuna aliyelifungua, zinaweza kusomwa humo na kuhamishwa. Lakini kama ilizikataa kwa kudai kwamba anwani haipo, zilirudishwa kwa watumaji papo hapo. Hapo hakuna mbinu nyingine ila kuwapigia simu wateja na kuwaomba watume tena.

Baada ya kuhama, majaribio yafanywe kutoka anwani ya nje, kama ile ya Gmail, wala si kutoka kwa mfanyakazi mmoja hadi kwa mwenzake. Barua za ndani zinaweza kufika bila kutoka katika seva, na hivyo zisithibitishe lolote. Barua moja iingie, nyingine itoke, na fomu ya tovuti ijazwe. Majaribio hayo yarudiwe siku inayofuata.

Ni kazi ya dakika kumi hivi, nayo ndiyo humhakikishia mwenye biashara kwamba mteja aliyemwandikia jana usiku hatasubiri jibu ambalo haliji.